Ng'ombe wa Akina Nyamisi

Enzi zetu pale Bukima, sukari ikiwa ya mgawo na nguo tukizifulia majani ya mpapai, akina Nyamisi walipata ng'ombe wa kisasa kutoka mradi wa kanisa. Niliona wivu. Ng'ombe wetu wafupi wenye nundu walitoa kikombe. Wenzetu walikamua ndoo. Nyamisi, rafiki yangu, alikuja shuleni na povu la maziwa mdomoni, na hafuti makusudi!

Baba yake akamchunga ng'ombe yule porini pamoja na wa kwetu. "Ng'ombe hadekezwagi, atazoea tu," alisema.

Mwalimu wetu wa sayansi alimwonya: "Mzee, ng'ombe mmoja hazoei hivyo. Hawa wa kwetu walichujwa na kupe na jua, vizazi na vizazi. Wanyonge walikufa, wagumu wakazaa. Hakuna mtu aliyekaa akawachagua. Huyu wako babu zake walichaguliwa na watu, nao walitazama maziwa tu."

Mimi nilimwomba Mungu ng'ombe yule afe. Josho lilikuwa kavu, dawa hakuna wilaya nzima, ndigana, homa ya kupe, ikamwua akaacha ndama jike. Nyamisi alilia darasani. Niliona aibu, lakini si sana.

Ndama alipokua, mama Nyamisi akaja kuomba dume letu jekundu limpande. Baba alimwazima bure. Tangu hapo mama yule akawa anabakiza majike waliokamulika vizuri na kuvumilia kupe, wengine anauza. Baba yangu naye, kwa kuwa dume lilikuwa na nguvu, akalihasi livute plau. Desturi ndiyo hiyo, mwenye nguvu alime. Majike wetu wakaachiwa kidume kikondefu, na kila mwaka ndama wakazidi kudhoofika.

Watoto wa siku hizi wanadhani maziwa huota kwenye pakiti, lakini mimi nani niwacheke? Nyamisi ana zizi Bunda, na watu huja kutoka hadi Butiama kutafuta madume yake. Krismasi iliyopita nilimwomba mtamba mmoja, jike changa la kuanzia uzao. "Chagua mwenyewe, dada," akasema. Nikazunguka zizi asubuhi nzima, nikaonyesha mnene kuliko wote.

Nyamisi akacheka mpaka akakaa chini. "Huyo ni tasa! Tunamnonesha tumchinje."

Zamani nilimwonea wivu kwa ng'ombe wake. Sasa namwonea wivu kwa macho yake.