Kiti Kilichobaki Safarini

Ilikuwa mwaka 2009. Hapana, niseme vizuri: ilikuwa 2010, kwa sababu Kombe la Dunia lilikuwa limetoka kwisha na watu wa Durban walikuwa bado hawajachoka kupuliza mavuvuzela yao. Mwaka huo ndio mama mmoja aitwaye Sikujua aliingia saluni ya Colette pale Albert Park, na Apollinaire, mume wa Colette, akajua kwamba amekosea.

Apollinaire alikuwa mbunge. Si wa taifa, la. Wa bunge la jimbo, kule mashariki ya Kongo, walikomchagua mwisho wa 2006. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye suruali mbili. Alizunguka vijiji kwa baiskeli ya kuazima, akiahidi jambo moja tu: kuondoa bariyeri ya njia ya sokoni, ile kamba ambayo askari waliifunga barabarani, na kila mama anayepita na unga wa muhogo anawaachia bakuli moja. Watu wakamwamini, wakampa kura.

Bungeni alisimama mara tatu kusema habari ya kamba hiyo. Baada ya mara ya tatu, watu wasiojulikana wakaanza kuulizia mahali anapolala. Basi mwaka 2008 akamchukua Colette, wakashuka Zambia, wakashuka Zimbabwe, mpaka Durban. Colette akaanza kusuka nywele za watu. Yeye akapata kazi ya kuchunga magari South Beach, chini ya yale maghorofa yanayotazama bahari, fulana ya kung'aa juu ya shati la kola lililopigwa pasi.

Sasa, kule kwao mbunge hachaguliwi peke yake. Kwenye karatasi ya kura jina lake linafuatwa na jina la mtu wa akiba, wanamwita suppléant. Mbunge akifa, au akijiuzulu kwa barua, huyo ndiye anayekalia kiti. Wa Apollinaire alikuwa Dominiki, katekista, mtu wa maneno machache. Kila baada ya miezi michache Dominiki alipiga simu: ndugu yangu, mistari miwili tu, na saini yako, niingie. Na kila mara Apollinaire alimjibu kwa upole: vumilia kidogo, mambo yatatulia, nitarudi.

Hakuwa mtu mbaya. Barua ile aliiona kama kujichimbia kaburi. Albert Park nzima ilimwita Honorable. Kanisani walimwekea kiti cha mbele, msibani walimngoja yeye ndipo hotuba zianze. Alijua kwamba siku atakayotia saini, kitakachobaki ni ile fulana ya kung'aa.

Hata mwenzake wa maegesho, Eddy, Mrundi mwenye mdomo usiopumzika, alimwita hivyo hivyo.

"Honorable, Toyota ile inatoka. Nenda kaiombe kura!"

"Eddy, heshimu wazee."

"Si ndiyo heshima hii? Nakuachia Toyota nzima, mimi nahangaika na Mercedes."

Siku ya Sikujua ilikuwa Jumatatu, siku ya mapumziko ya Apollinaire. Alikuwa amekaa saluni kwa mkewe akisoma gazeti la wiki iliyopita. Yule mama alikuwa na siku tisa tu tangu afike mjini. Kichwa kikiwa nusu kimesukwa, akawa anamtazama Apollinaire ndani ya kioo, anamtazama, mpaka akageuka.

"Papa, unisamehe. Weye si ule wa ku affiche?"

"Affiche gani, mama?"

"Ile ya uchaguzi, yenye picha yako. Nilibandika ku mlango ya jikoni yangu. Mbao ilikuwa na tundu, upepo inaingia. Weye ulifunga tundu ile miaka miwili."

Colette alicheka mpaka kitana kikamponyoka. "Bwana asifiwe! Angalau huko alifanya kazi."

Apollinaire naye akacheka, akainuka, akampa yule mama mikono miwili kama siku za kampeni. "Na bariyeri, mama? Iko bado?"

"Iko. Ila bakuli ndiyo ilibadilika, siku hizi ni kubwa."

"Na bunge linasema nini?"

"Walipiga kura mwaka jana, waondoe bariyeri zote. Ikaanguka. Sisi wamama kumi na wawili tukapanda kule mjini kuuliza, ni nani alitusemea? Mtu wa mlangoni akatuambia: kiti yenu iko na mwenyewe, mwenyewe iko safarini."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Kisha akaangalia dirishani. "Kumbe safari yenyewe ni huku. Bahari iko karibu?"

"Iko karibu," akasema Apollinaire. "Mama, hiyo kura ilianguka kwa ngapi?"

"Sijue, papa. Mimi ni mtu wa muhogo. Mama Colette, usinivute sana hapo nyuma."

Jioni Apollinaire alimpigia Dominiki. Siku hiyo hakungoja kupigiwa.

"Kura ya bariyeri, ndugu yangu. Ilipungukiwa na ngapi?"

"Ningejuaje?" Dominiki akajibu. "Mimi nilikuwa nje."

Apollinaire akabaki na simu mkononi. Kama zilipungua ishirini, basi, kiti chake kisingeokoa kitu. Lakini kama ilipungua moja, hiyo moja ilikuwa South Beach siku hiyo, ikimwonyesha mtu mahali pa kuegesha gari.

Akaomba karatasi. Colette akamletea, pamoja na kalamu aliyokuwa akiandikia miadi ya wateja.

"Unaandika?"

"Naandika."

"Andika vizuri basi. Wewe ni mwalimu."

Mistari miwili ikawa minne, kwa sababu aliongeza kuomba radhi. Akatia saini, na barua ikaondoka Ijumaa na mfanyabiashara aliyekuwa akipanda basi la Lusaka.

Jumamosi alimwambia Eddy asimwite Honorable tena, amejiuzulu.

"Eish! Sasa tukuite nani?"

"Apollinaire."

"Jina hilo nikilimaliza gari limeshafika Mobeni. Honorable, BMW ile inarudi nyuma, kimbia!"

Akakimbia.

Dominiki aliingia bungeni Machi 2011, na siku ile ile akasimama kusema habari ya kamba. Walimsikiliza, wakaandika, ila jambo halikurudi tena kwenye kura. Uchaguzi mwingine wa bunge lile haukufika, ukasukumwa mwaka baada ya mwaka, na mpaka 2015 katekista bado alikuwa amekalia kiti kile. Kanisani Albert Park nao walizidi kumwekea Apollinaire kiti cha mbele, ingawa yeye siku hizi alipenda kukaa karibu na mlango.

Aliuliza miaka yote hiyo. Alimwandikia karani wa bunge barua mbili. Aliwapigia wabunge aliokaa nao benchi moja. Mmoja alisema hakumbuki, mwingine akakata simu. Kila mgeni aliyetoka kule aliulizwa swali hilo hilo kabla hajapewa hata maji: ile kura ya bariyeri, ilianguka kwa ngapi?