Upendavyo Wewe, Bwana

Jamani, hili nalisema mwenyewe kabla Lukas hajaja kulitia chumvi: mimi nimewahi kuruka kutoka kwenye lori mbele ya watu wote wa shamba la miwati, miti ile ya magome ya kulainishia ngozi, pale Njombe, suruali ikapasuka, nikapiga kelele kwa Kiingereza, na yote kwa sababu ya adabu.

Enzi hizo za Mwingereza ndiyo kwanza nimepata ukarani wa kupima magome, na neno "prefer" nililijua mpaka usingizini (mwalimu alitukaririsha: kupenda hiki kuliko kile). Bwana meneja akatuita barazani mimi na Lukas, karani mwenzangu mwenyeji wa Makambako, wafanyakazi wote wanasikiliza. Nafasi mbili: Njombe na Makambako. "Which do you prefer?" akaniuliza. Njombe niliitaka kufa na kupona, maana mama yangu mjane macho yalishamfifia na hakuwa na mwingine wa kumtekea maji. Lakini kwetu Wabena (acheni kucheka!) mkubwa akikuuliza unataka kipi, ukichagua, wewe ni mlafi; unamwachia yeye, naye anakupa kile kizuri. Nikainama, nikasema upendavyo wewe, bwana. Akauliza tena, nikainama zaidi. Lukas, ambaye mchumba wake yuko Makambako, akaona nimepatia, naye akainama kunishinda.

"Basi," akasema meneja, "wewe Makambako, huyu Njombe."

Lo! Na asante nikasema!

Kesho yake nikapanda lori machozi yananitoka, nasingizia vumbi, na Lukas kasimama chini kanuna kama aliyefiwa. Lori likaanza kusogea, nikamwona mama getini na kikapu cha viazi alivyonichemshia nile njiani, ananipungia mkono, tena anaupungia upande ambao sipo.

Hapana, nikasema, hapa haendi mtu! Nikaruka, nikaangukia rundo la magome, suruali ikaachia nyuma kote, nikainuka hivyo hivyo mbele ya meneja na watu wote.

"Bwana! I prefer Njombe! Njombe!"

"Na mimi Makambako!" akadakia Lukas.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Meneja akatutazama mmoja mmoja.

"Kwa nini hamkusema jana?"

"Tulikuwa tunakuheshimu, bwana."

Akatubadilisha. Mama akanifunga kanga yake kiunoni, tukarudi nyumbani tunakula vile viazi.

Siku hizi hata mama mkwe akiniuliza ugali au viazi, namjibu pale pale: viazi! Ananiona mlafi, na aniite hivyo hivyo. Mama yangu hakushika ndoo tena mpaka tulipomzika.