Kizingiti cha Bi Mwanakombo

Iko siku moja naikumbuka vyema, mwanangu, ingawa majina ya wajukuu zangu siku hizi nayachanganya. Ilikuwa miaka ya hamsini, mbele kidogo ya Msambweni, nami msichana wa chuo cha Kurani. Wazee walikuwa wakiutengeneza upya msikiti wetu wa kale wa mawe, uliokuwa umebaki kuta na popo.

Msikiti ule una habari yake, ambayo sisi vijana tuliijua nusunusu. Zamani, wateka watu walipoingia kijijini, kikongwe mmoja, Bi Mwanakombo, aliwakusanya watoto ndani. Akajivika sanda, akajilaza kizingitini, akawaambia wasome Yasini kwa sauti. Wateka watu wakaona maiti, wakasikia kisomo, wakaogopa kumruka, wakaenda zao. Watoto walipokwenda kumwamsha walimkuta amekufa kweli. Akazikwa papo hapo, kando ya mlango.

Basi kwa heshima ya kaburi hilo wazee wakazungusha uzio, wakapitisha neno: vijana wasikanyage pale mpaka kazi iishe. Ati tungevunja adabu! Nasi kwa kununa tukasema hayo ni mambo yao, na wavulana wakawa hawana mazungumzo ila kazi za bandarini Mombasa.

Siku ya kumwaga dari ikafika. Dari ya chokaa, mwanangu, haimwagwi ikaachwa. Hupigwa kwa virungu vidogo ikingali mbichi, watu wengi wamejipanga, kutwa nzima, mpaka ishikane. Isipopigwa hupasuka, na mvua ikanyesha ndani. Wazee walikuwa wachache na mikono imewachoka. Kufika adhuhuri nyufa zikaanza kuonekana, na wingu la masika limetanda upande wa kisiwa cha Chale. Penye wazee haliharibiki neno, lakini siku ile lilikaribia kuharibika mbele ya macho yao.

Ndipo akaja Bi Mejumaa, shangazi yake imamu, akijikokota na mkongojo. Alitukuta vijana tumesimama nje ya uzio, tunatazama.

“Shikamoo, shangazi,” imamu akamwamkia.

“Marahaba. Watoto hawa wafanyani nje?”

“Twalinda heshima ya kaburi, shangazi.”

Alimtazama hata nikamwonea huruma imamu. “Mwanakombo alikufa mlangoni ili watoto wawe ndani. Nyinyi mwawaweka nje, kisha mwasema mwamheshimu? Aijuaye habari yake yote nimebaki mimi peke yangu. Nikifa, hawa watauita msikiti huu gofu, na hiyo dari mtakuwa mmewajengea popo.”

Imamu aliinamisha kichwa, kisha akaufungua uzio kwa mkono wake mwenyewe.

Tulipanda juu, wavulana kwa wasichana, tukapiga dari hadi magharibi. Bi Mejumaa aliketi chini akituhadithia kwa sauti, akiwataja watoto wale mmoja mmoja na vizazi vyao. Mmoja wao alikuwa nyanya wa nyanya yangu. Nililia, mwanangu, na kirungu mkononi. Nilitambua kwamba lau wale watu wangemruka yule kikongwe, mimi nisingezaliwa. Dari ilishikana kabla ya mvua kuanza. Bi Mejumaa hakufika mwezi wa Ramadhani, Mungu amrehemu.

Kwa hiyo nakusihi: ukiitwa kufagia makaburi au kupaka chokaa kuta za wazee wako, nenda, na usipoitwa piga hodi. Uliza wajuao wangali hai, kwani maiti haulizwi. Usione haya kusema hujui. Nawe ukizeeka, usiwafungie watoto mlango kwa jina la heshima. Samaki mkunje angali mbichi. Kitu asichokishika mtoto kwa mkono wake hatakililia kikibomoka.

Mungu akupe umri mrefu wenye afya, akukinge na shari za watu, na akujaalie mtoto atakayekuuliza.