Usingizi wa Foleni

Kwa miaka ishirini na miwili Osea Nzunda alilala kwa vipande. Foleni ya malori mpakani Tunduma ndiyo iliyomzoesha: unasinzia umekaa kwenye usukani, gari la mbele likinguruma unaamka, unasogea kidogo, unasinzia tena. Ukichelewa kuamka, wa nyuma anakupita na siku yako imekwenda na maji.

Basi daktari wa Mbeya alipogundua kwamba pumzi yake hukatika usingizini, akamsimamisha kuendesha na kumpa mashine ya kupuliza hewa puani, Osea aliona jambo dogo. Atavaa kinyago mwezi mmoja, apewe barua ya kumruhusu kuendesha, arudi barabarani.

Mwezi ulipoisha, muuguzi Tulinagwe alichomeka kwenye kompyuta kadi ya mashine inayorekodi saa za matumizi, akakunja uso.

"Baba, wastani wako saa moja na nusu kwa usiku. Tulisema zisipungue nne."

"Mashine yako inadanganya. Kila siku nalala nayo."

"Unalala nayo, au inalala pembeni yako?"

Mkewe, Ferista, aliyekuwa amejizuia tangu asubuhi, alishindwa. "Sista, huyu akimaliza ugali wa mchana yuko kwenye kochi. Jioni yuko jikoni na kikombe cha kahawa, anakoroma kama trekta. Tukipanda kitandani usingizi wote ameshaumaliza, anageukageuka tu na kukivua kinyago."

"Kwenye kochi silali," Osea akasema. "Nasinzia."

"Hata ukisinzia pumzi inakatika, baba."

Barua hakupewa. Alirudi Tunduma amenuna njia nzima. Mtu mzima anapangiwaje saa ya kulala? Waliompangia hawajawahi kulala wamekaa.

Ferista naye hakubembeleza. Kochi alilijaza madebe ya maharage. Kahawa ikakoma saa sita mchana, adhabu kubwa kwa mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbozi. Akianza kusinzia, anatumwa kusagisha mahindi. Saa nne usiku taa inazimwa. Mkanda wa kinyago ulimbana kichwa, hewa ikamvujia machoni, naye akakitukana kinyago kwa Kinyiha hadi alipobadilishiwa, akapewa kingine kidogo kinachomkaa. Wiki ya tatu aliamka kumekucha, kichwa hakiumi. Ferista alipomuuliza, akasema ni hali ya hewa.

Safari ya pili Mbeya, kadi ilisoma wastani wa saa tano na dakika kumi kwa usiku. Barua ikaandikwa: aendeshe, mradi atumie mashine kila anapolala, hata ndani ya gari.

Wakiwa bado kwenye benchi la hospitali, tajiri yake, Justine, akapiga simu.

"Njoo leo. Gari liko foleni, ukalale nalo."

"Lina inveta ya kuchomekea mashine yangu?"

"Osea, unakwenda Lusaka, huendi wodini."

"Barua inasema nilale nayo."

"Barua haiendeshi gari. Ayoub yupo hapa, dereva asiyelala na mabomba."

Osea alimtazama mkewe. Tangu aanze kazi hakuwahi kukataa gari.

"Mpe Ayoub," akasema. "Ukishafunga inveta, nipigie. Ila kabla ya saa nne usiku."

Akakata simu. Alikuwa na hasira na wote: na Justine, na daktari, na foleni, na Ferista, ambaye alikuwa amegeuka dirishani ili asionekane anacheka.