Mlinzi wa Bwawa la Jirani

Hapa Lanham, ughaibuni, vyura wakianza kelele baada ya baridi, jirani yetu, mzee Mkongo, hutoka asubuhi bila miwani, hupiga maji ya bwawa lake kwa kiganja, na samaki wekundu humjia. Amesimamisha korongo wa plastiki, eti amtishe korongo wa msituni anayewala. Kila siku humpangusa huyo wa plastiki kichwa kwa kitambaa na kumsalimu kama mlinzi wa lango: "Sentineli, umelala muzuri?" Mimi huchungulia dirishani, nikihofia mzee atateleza. Leo nikaona wa plastiki ameanguka nyasini, na mzee anamnyooshea kitambaa korongo mwingine, mwenye samaki mdomoni. "Mzee, huyo ni wa ukweli!" nikapiga kelele. Korongo akashtuka, akaruka, samaki akadondoka majini. Mzee akamwinamia wa plastiki: "Wewe, kazi imeisha. Mama wa dirishani ndiye sentineli sasa."