Kinyozi wa Puto

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, baba mdogo hunyoa puto. Hukaa karibu na dirisha la sebule, akalibana puto katikati ya magoti, akalipaka povu la sabuni kwa brashi kama shavu la mteja, kisha akafungua wembe. Likipasuka, povu humrukia usoni na nyumba nzima huamka.

"Mteja keshakufa!" mama mdogo husema kutoka jikoni.

"Kafa kanyolewa upande mmoja. Si haba."

Ndivyo alivyojifunza kazi ujanani. Fundi wake hakumruhusu kugusa kidevu cha mtu mpaka anyoe puto lote na libaki zima. Alipasua mengi, akachekwa sana, akaweza. Baadaye akawa kinyozi ambaye wateja walisinzia kwenye kiti chake, wembe ukiwa shingoni.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Daktari alimweleza taratibu kwamba dawa zitapunguza tu. Ugonjwa wenyewe hauponi. Baba mdogo alisikiliza, akashukuru, na njiani akanunua pakiti ya maputo.

Nilihamia kwao nilipomaliza chuo, nikisubiri kazi. Asubuhi nilikaa sebuleni na kitabu, nikimchungulia kwa juu ya kurasa. Kulijaza puto na kulifunga fundo ilikuwa kazi ya mama mdogo, maana vidole vya mumewe havikuweza tena. Wakati huo mwenzake wa saluni alikuwa ameshamwambia wazi: kiti chake kimefunikwa shuka muda mrefu mno. Asiporudi kufikia mwisho wa mwezi, kitapewa kinyozi mwingine.

Basi akazidisha mazoezi. Baada ya chai, puto. Baada ya kulala mchana, puto. Na siku moja halikupasuka. Kesho yake pia likabaki zima, likang'aa. Alilizungusha mikononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

"Msomi," aliniita, "kamwambie Kipara aje saluni."

Kipara ni rafiki yake, fundi saa wa jirani. Alikuja, akakaa kwenye kiti, akajifunga taulo mwenyewe.

"Ndevu tu. Huko juu hakuna kazi."

"Huko juu nitakufuta vumbi."

Tulicheka, hata mwenzake wa saluni. Wembe ulishuka shavuni vizuri. Ulipofika chini ya sikio, mkono ukaanza kucheza. Baba mdogo akausimamisha, akavuta pumzi, akaurudisha. Ukacheza tena. Kipara alifumba macho akakaza mikono kwenye kiti, wala hakusogea. Mstari mwembamba mwekundu ukajitokeza kwenye povu.

"Mbu wa kwangu wanauma kuliko hivi," alisema Kipara, macho bado kayafumba. "Endelea, bwana."

Baba mdogo aliinua wembe mara nyingine, ukagonga kikombe cha sabuni, ukagonga tena. Mwenzake akautoa vidoleni mwake polepole, akamalizia kazi. Baba mdogo alisimama pembeni, kashika brashi. Tulirudi nyumbani.

Mama mdogo alituona tu, akajua. Akanivuta jikoni.

"Ni mimi," alisema huku akilia. "Nilikuwa siyajazi. Puto legevu linabonyea, wembe unateleza tu. Nilitaka afurahi siku moja, mwanangu. Sikujua angekwenda kweli."

"Utamwambia?"

"Nitaanzia wapi?"

Mwisho wa mwezi kiti kilipewa mtu mwingine. Kipara ndiye aliyetuletea brashi na kikombe, vimefungwa kwenye lile shuka.

Asubuhi iliyofuata, mama mdogo alipoanza kupuliza puto, baba mdogo alisema bila kumtazama, "Lijaze, mama. Lijaze mpaka liwe gumu."

Mama mdogo aliganda. Kisha akalijaza, akalifunga fundo, akampa, akarudi jikoni. Lilipasuka wembe ulipogusa tu. Kutoka jikoni safari hii hakuna aliyesema kitu.

Nilifunga kitabu. "Baba mdogo, na huo mkono usipopona?"

Alijifuta povu kwenye nyusi, akaingiza vidole kwenye pakiti kutafuta puto jingine. Vilichukua muda kulishika.

"Hauponi," alisema. "Sasa asubuhi nifanye nini?"