Hester Pargeter na Safari za Kupumzisha Roho

Kwa miaka ishirini na miwili Hester Pargeter aliwapangia watu safari za kupumzisha roho, na katika miaka yote hiyo roho yake mwenyewe haikupumzishwa hata siku moja. Ofisi ilikuwa Ledbury, mji mdogo wa Uingereza, ghorofani juu ya duka la mikate: chumba kimoja, meza mbili, na ramani ukuta mzima. Wateja walikuwa watu wenye nazo. Walitaka gari zuri la kuendesha polepole siku kumi katika njia za mashambani, walale kwenye majumba ya kale, wakandwe mgongo, wafundishwe kuvuta pumzi kana kwamba tangu wazaliwe walikuwa hawajui, kisha warudi mjini wakiwa wapya.

Kazi aliijua. Alijua njia ipi ina nyasi katikati zitakazoparuza tumbo la gari la kifahari, na kwamba ukipita Bosbury saa kumi alasiri utakaa nusu saa nyuma ya ng'ombe wanaokwenda kukamuliwa. Alijua hoteli ipi inajitangazia ukimya huku madirisha yake yametazama mapipa ya jikoni. Mameneja wote kuanzia Malvern hadi pwani ya Dorset aliwajua kwa sauti, nao walimjua kwa sauti, kwa sababu hakuwahi kufika. Hakulala hata kwenye kitanda kimoja kati ya vitanda alivyovisifu. Hoteli mojawapo zamani ilikuwa zizi alimofanya kazi marehemu baba yake, aliyekuwa mkamuaji. Siku hizi watu walilala chali humo juu ya mikeka wakiambiwa wasikilize mapigo ya moyo, na alfajiri walipelekwa kutembea pekupeku kwenye umande kwa ajili ya afya. Baba yake aliukanyaga umande huo huo miaka thelathini kwa buti zilizotoboka, wala hiyo afya hakuiona. Hester aliusifu umande huo vizuri sana kwenye vijitabu vya ofisi, na wateja waliupenda.

Februari moja mdogo wake Rowena alipiga simu kutoka Kanada. Alikwenda huko akiwa na miaka ishirini na mmoja, akimfuata mwanamume mfanyabiashara wa mbao. Sasa mume amekufa, biashara imeuzwa, na yeye ana uchovu ambao, alisema, hautibiki kwa usingizi. Alitaka safari ya namna ile anayoipanga Hester: siku kumi, watu wawili, bora kuliko zote. Wa pili hakumtaja. Hester alipoweka simu alikaa akiitazama ramani. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na nyonga moja mbovu. Miaka kumi na tisa kati ya hiyo alimuuguza mama yao peke yake hadi akamzika, na Rowena alikuja mazikoni siku mbili akaondoka. Kama kuna mtu aliyestahili kiti cha pili katika gari hilo, Hester hakumwona mwingine.

Machi Rowena akaja mwenyewe kwa siku chache, akala chakula cha Jumapili jikoni kwa dada yake. Katikati ya nyama na viazi vya kuoka akasema, bila kuinua kichwa, "Njoo na wewe basi, dada. Nafasi ipo."

"Aa, hapana," Hester akasema, birika mkononi. "Sitaki kukusumbua."

"Haya," Rowena akasema, akaongeza viazi.

Hester hakushtuka. Hivyo ndivyo walivyolelewa. Katika nyumba ya mama yao aliyepokea kitu mara ya kwanza alionekana mlafi, hata kama ni kipande cha keki na njaa inamkata. Ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa. Mara ya pili unakataa tena, ila kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu unasema basi, kama umeshikilia, na unakula. Kijiji kizima kiliishi hivyo. Ni watu wa kufa na tai shingoni hao; unaweza kuwakuta wawili wamesimama mlangoni wakipishana, wewe tangulia, hapana tangulia wewe, mvua ikiwalowesha wote. Kwa hesabu ya Hester, mara moja ilikuwa imepita na zilibaki mbili.

Basi akaipanga safari, na aliipanga kwa ajili yake mwenyewe. Vyumba vyote akachukua vya chini, kwa sababu ya nyonga. Bafu zote akataka ziwe na vishikio. Siku ya tatu, ambayo wateja wengine hupelekwa kujitosa kwenye bwawa la maji baridi, yeye akaweka maji ya uvuguvugu. Chaza walimdhuru tumbo, akawaondoa kwenye mlo wa Dorset. Siku ya tano akaigeuza njia ipite makaburini kwa mama yao, saa moja tu, halafu chai na skonzi kwa krimu na jamu. Aliwasumbua mameneja kwa simu mpaka mmoja akamuuliza kama anayekuja ni malkia. Akaomba likizo ya siku kumi, ya kwanza ndefu kiasi hicho, na akanunua vazi la kuogelea la kijani. Alilijaribu mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo, ingawa aliishi peke yake.

Mwenzake wa meza ya pili, Nesta, mwanamke wa Wales asiyejua kungoja, aliiona fomu ya safari hiyo. Mstari wa msafiri wa pili ulikuwa mtupu kwa wiki ya nne.

"Si umwambie tu kwamba unataka kwenda?"

"Ataniuliza tena."

"Na asipouliza?"

"Ni mdogo wangu yule, Nesta. Tumelala kitanda kimoja."

Nesta alisema kama ni yeye angekuwa ameshakaa kiti cha mbele na kufunga mkanda. Hester alicheka, akamwonea huruma kidogo kwa kukosa malezi.

Mara ya pili ikaja kweli, mwishoni mwa Aprili, kwa simu. Rowena aliuliza kama ana hakika haji. Hester akamwambia asijihangaishe naye, kazi ni nyingi, na alilisema kwa sauti ya chini kama inavyopasa. Alipoweka simu akahesabu kwa furaha: ilibaki mara moja tu.

Wiki moja baadaye ikaja barua pepe ya mistari miwili. Msafiri wa pili ni Dorinda Falk, jirani yake wa Kanada, ambaye hupenda vyumba vya juu, lakini si neno. Hester akalichapa jina hilo mwenyewe, herufi kwa herufi. Kisha akaenda chooni, akafungulia bomba maji yatiririke kwa kelele ili Nesta asisikie. Alilia kama mtoto aliyenyimwa, na hilo lilimtia aibu, na aibu ikageuka hasira. Angeweza bado kupiga simu na kusema nataka kuja. Hakupiga. Kwa watu wa kwao kuomba ulichokwisha kukataa ni kuvua nguo sokoni.

Jumatatu ya kwanza ya Juni gari likasimama mbele ya duka la mikate, paa limefunuliwa, Rowena akiwa kwenye usukani. Ilikuwa pia siku ya kwanza ya likizo ya Hester, likizo ambayo hakuirudisha kwa sababu ingembidi aeleze. Akashuka ngazi moja moja na jalada la safari kifuani. Dorinda, mwanamke mchangamfu wa kofia pana, akamkumbatia kana kwamba wanajuana, akammwagia sifa alizozisikia, akaiacha kofia kwenye kiti, akaingia dukani kununua vitafunio vya njiani. Dada wawili wakabaki kando ya gari.

Hester akamfungulia jalada. Akamwonyesha njia ya kuepuka, daraja la kupunguzia mwendo, saa ya kukandwa. Akafika siku ya tano.

"Hapa mtapita kwa mama."

"Kuna ulazima?" Rowena akauliza.

Hapo ndipo adabu ya miaka sitini na mitatu ilipomponyoka.

"Nilidhani utaniuliza tena," Hester akasema.

"Kuhusu nini?"

"Kuja."

Rowena akamkazia macho. "Nilikuuliza mara mbili, dada. Mara zote mbili ukanikatalia."

"Si ndivyo tunavyokataa sisi? Umesahau?"

"Huko nilikokaa mtu akitaka anasema. Akikataa namwacha na amani yake." Akalifunga jalada, na sauti yake ikashuka. "Kama mama tu. Nilimwita mara mbili yule. Tiketi juu yangu, chumba kiko tayari, nina mtoto wa miezi sita hajapata kumwona. Akasema nisijisumbue. Nikajua ana kinyongo na mimi kwa kuondoka. Nimelibeba hilo miaka thelathini, Hester. Unadhani ni nini kinachonichosha? Nimekuja kulitua." Kisha maneno ya Hester yakamwingia. "Au hakuwa na kinyongo? Alitaka kuja?"

Jibu la adabu lilikuwa tayari mdomoni mwa Hester. Mama aliogopa ndege, basi, usijitese. Lingemgharimu pumzi moja, na lingempa mdogo wake siku kumi za utulivu. Hata asingekuwa amesema uongo mkubwa. Watu wa kwao husema wa namna hiyo kila siku kabla ya chai. Akaitazama ile kofia pana kwenye kiti.

"Alitaka," akasema. "Alinunua sanduku la safari. Alimfumia mtoto sweta, akaliweka ndani. Kila Jumapili jioni alikaa karibu na simu, akingoja uulize mara ya tatu. Mtoto alivyozidi kukua akalifumua sweta, akafuma kubwa zaidi. Alifanya hivyo mara nne. Mimi nilikuwepo."

Rowena alionekana mzee ghafla, mzee kuliko Hester. Dorinda akatoka dukani na mfuko wa vitafunio vya moto, akauliza kwa furaha kama wako tayari kupumzika. Rowena akaingia nyuma ya usukani, akaushika kwa mikono miwili, akawasha gari, wakaondoka. Hakuaga.

Hester alikuwa ameamini kwamba siku atakaposema wazi lililo moyoni atajisikia mwepesi. Alijisikia mwovu. Zaidi ya hapo alijua kwamba angeulizwa tena angesema vilevile. Akapanda ngazi huku nyonga ikimuuma, na Nesta akamuuliza mbona amerudi, si yuko likizoni. Hester akasema hana pa kwenda, akaketi mezani kwake.

Saa kumi na moja jioni hiyo, katika hoteli ya kwanza, mwanamke mwenye sauti laini angemwambia Rowena afumbe macho, avute pumzi, aachilie kila alichokibeba. Hester hakuhitaji kutazama ratiba. Saa hiyo aliichagua mwenyewe.